Istilahi za Mshale: Ufito, Wano na Chembe

Miongoni mwa barua zinazotufikia kutoka kwa watafsiri, iko moja ambayo ilitukalisha mezani kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia. Mwandishi wake ni mwalimu wa stadi za kazi. Alikuwa akifasiri kijitabu cha Kiingereza kinachoeleza namna ya kutengeneza mishale kwa kutumia vichaka vya porini vizaavyo matunda madogo, na alikwama katika sentensi ya kwanza kabisa. Kiingereza kina neno moja linalotajia muwa, mwanzi mwembamba, henzirani, bakora ya kutembelea, kiboko cha mwalimu, na pia vile vishina virefu vyenye miiba vya mimea ya jamii ya Rubus, ambayo katika nchi yetu huota milimani kwenye baridi na ukungu. Mwalimu alitazama kamusi, akachukua maana ya kwanza, akaandika: "Chagua miwa ya matunda ya porini iliyonyooka." Aliposoma tena akaona aibu, ndipo akatuandikia.

Tulitabasamu tulipoisoma barua hiyo, lakini tabasamu letu halikudumu. Rasimu moja ya istilahi za ufundi tuliyokuwa tumeiandaa sisi wenyewe ilikuwa na fungu la maneno "mpini wa mshale", na hakuna aliyekuwa ameligutukia. Basi tuliona si haki kumjibu mwalimu kabla hatujajifunza jambo lenyewe kwa mtu alijuaye kwa mikono yake.

Tulikwenda Mvumi, katika wilaya ya Kilosa. Wasomaji wasiichanganye na Mvumi ya Dodoma, ambayo wengi huijua kwa sababu ya hospitali yake. Kilosa ni wilaya inayofaa sana kwa kazi ya maneno. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wamo humo kama wenyeji. Mashamba ya mkonge na reli ya kati vilileta watu wa makabila mengi. Na wako pia Wakamba, ambao T. O. Beidelman aliandika habari zao katika wilaya hiyo mwaka 1961 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Watu hawa wote wanapokutana gulioni huzungumza Kiswahili, na kila mmoja huingia gulioni na mfuko wake wa maneno.

Mzee tuliyempata aliacha kuwinda zamani. Alitukumbusha mwenyewe kwamba hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, si mbali, na kwamba siku hizi mtu akionekana na upinde lazima awe na maelezo. Hata hivyo mikono yake haijasahau. Tulipomsomea maneno ya rasimu yetu, alisikiliza kwa adabu mpaka tulipofika kwenye "mpini wa mshale". Hapo alituzuia.

"Wanangu," alisema, "mpini ni wa jembe. Mpini ni wa kushika. Mshale nikishaufyatua, nani tena ataushika?"

Hoja hiyo ilitutosha. Mpini, katika Kiswahili, ni sehemu ambayo mkono hukaa kazi inapofanyika: mpini wa jembe, wa shoka, wa kisu. Mtafsiri anayelipeleka neno hilo kwenye mshale anaongozwa na Kiingereza, ambacho katika baadhi ya zana hutumia neno lile lile kwa mpini na kwa mti wa mshale. Tulilifuta papo hapo.

Kisha mzee alitupeleka kichakani, na huko ndiko jibu la mwalimu lilikotoka. Alitafuta mkole. Mikole ni ya jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Grewia, na huzaa matunda madogo ambayo watoto huyachuma na kuyala wakichunga. Wahadzabe wa bonde la Eyasi huyahesabu matunda ya jamii hiyo katika vyakula vyao vikuu. Hapa, basi, ndipo penye kichaka chetu cha matunda, wala hatukuhitaji kupanda milimani kutafuta Rubus. Ambacho mzee alikikata kutoka kwenye mkole hakukiita kijiti, wala tawi, wala fimbo. Alikiita ufito, na vingi vyake fito.

Ufito ni neno ambalo kila mjenzi wa nyumba ya udongo analijua: mti mwembamba, mrefu, wenye kupindika, unaofungwa juu ya nguzo kabla ya kukandika. Maana hiyo ya ujenzi imelifunika neno hata watafsiri wengi hudhani kwamba ufito ni kitu cha ukutani tu. Lakini ndani yake kuna sifa zote ambazo neno la Kiingereza linazitaka mahali hapa, yaani wembamba, urefu na unyofu, bila ya kuleta utamu wa muwa wala uchungu wa bakora. Kwa hiyo tulimwandikia mwalimu: "fito za vichaka vya matunda ya porini". Tete halifai, kwa kuwa ni la mmea wa majini wenye uwazi ndani. Bua ni la mahindi na mtama. Henzirani ni mmea wa ng'ambo. Chipukizi lingekaribia, ila chipukizi ni changa mno. Mzee alikataa kabisa kukata lililo laini, akisema litakauka na kujikunja kama utumbo.

Fito zifaazo, alitueleza, hutoka kwenye kisiki kilichokatwa au kuungua mwaka mmoja au miwili nyuma, kwa sababu machipukizi ya kisiki hushindana kufuata jua na hukua yamenyooka. Unene ni wa kidole cha mwisho. Hukatwa wakati wa kiangazi, mti unapokuwa hauna maji mengi, na hukatwa ndefu kuliko inavyohitajika kwa kuwa ncha hupasuka zikikauka. Hufungwa mtumba kwa nguvu ili kila ufito uzuie mwenzake usipinde, na mtumba huwekwa kivulini kwa majuma kadhaa. Juani hazipelekwi.

Zikiisha kukauka huambuliwa. Tunapendekeza wafasiri walishike kitenzi hiki, kuambua, kwa kazi ya kuondoa gome kwa kulivuta kama ngozi. Kumenya kubaki kwa matunda na mihogo. Gome la mkole halitupwi, kwani hutoa kamba nzuri. Halafu kila ufito hupashwa moto juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto, na hunyooshwa ungali na joto. Mzee hunyoosha kwa vidole na goti. Wahadzabe hutumia meno, na wasafiri wengi wamepiga picha za wawindaji wakiwa wameuma mshale mdomoni na jicho moja limefumbwa. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi. Mwisho ufito hulainishwa, na hapa tulipata zawadi ndogo ya historia ya neno: mzee alitumia majani ya mti uitwao msasa, ambayo hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Karatasi ya kusugulia mbao tunayoinunua dukani imerithi jina la mti huo, na maseremala wa leo husema "piga msasa" bila kufikiri kwamba wanautaja mkuyu mmoja wa porini, Ficus exasperata.

Kitu kinachobaki mkononi baada ya kazi hiyo hakiwi tena ufito, wala hakijawa mshale. Ni nini?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya, nalo tuliwahi kulidharau. Mzee alisema "uti wa mshale". Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inatoa wano, wingi wake mawano, yaani ule mti wa mshale au wa chusa cha kuvulia. Kwa hiyo tunayo majina mawili: moja la bara linalosikika na kueleweka na kila mtu, na jingine la pwani ambalo wengi wetu tulilisoma kabla ya kulisikia. Uti una nguvu ya kujieleza wenyewe, maana tunao uti wa mgongo. Lakini uti ni neno la kazi nyingi, na kila mara litahitaji kusindikizwa na "wa mshale". Wano ni neno fupi, lipo, ni letu, na halina kazi nyingine ya kuligombania. Katika uundaji wa istilahi huwa tunaharakisha kubuni au kutohoa, tukasahau kwamba neno lililolala linaweza kuamshwa kwa gharama ndogo zaidi. Tunapendekeza wano liwe istilahi, na uti wa mshale ubaki kama maelezo yake katika vitabu vya shule.

Msomaji anaweza kuuliza kama tofauti ya wano na mshale inamnufaisha yeyote asiyekuwa fundi. Tutatoa mifano miwili.

Wa kwanza unatoka mbali. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alpi mpakani mwa Austria na Italia, watembezi waliikuta maiti ya mtu aliyekufa miaka ipatayo 5,300 iliyopita. Wataalamu wamempa jina la Ötzi. Kando yake palikuwa na podo la ngozi. Magazeti mengi yameandika kwamba ndani yake mlikuwa na mishale 14, na mtafsiri wa Kiswahili angeandika hivyo hivyo. Lakini mishale iliyokamilika, yenye manyoya na vyembe vya jiwe la gumegume, ilikuwa 2 tu, nayo imevunjika. Nyingine 12 zilikuwa fito ndefu zilizoambuliwa na bado hazijamalizwa. Nyingi zilikatwa kwenye Viburnum lantana, kichaka chenye vitunda vidogo, jambo ambalo mzee wa Mvumi aliliona la kawaida kabisa. "Naye alijua," ndiyo maneno aliyoyasema tulipomhadithia. Sasa tazama tofauti: mtu aliyekufa akiwa na mishale 14 alikuwa na silaha za kutosha, mtu aliyekufa akiwa na mishale 2 iliyovunjika, mawano 12 na upinde ambao nao haujamalizwa, hakuwa na mshale wowote wa kutumia. Neno moja linabadili habari nzima ya kifo chake.

Mfano wa pili uko karibu, na si wa kuchekesha. Katika kijiji kimoja ambacho hatutakitaja tulionyeshwa nakala ya daftari la vitu vilivyokamatwa. Ndani yake imeandikwa "mishale arobaini". Mwenye vitu hivyo alilala mahabusu siku mbili. Ilipokuja kufunguliwa, mtumba ule ulikuwa fito za mkole zilizoambuliwa, hazina chembe, hazina manyoya, wala hazijakatwa mahali pa kukaa upote. Mwenyewe alisema ni za kutengenezea vitu vya kuuzia watalii. Hatujui kama alisema kweli, na si kazi yetu kujua. Ila tunajua kwamba mwandishi wa daftari hakuwa mwongo: alikosa neno. Angekuwa nalo, angeandika "mawano arobaini", na mkubwa wake angejua la kuuliza.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Miongoni mwa njia za uwindaji zinazokatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ni matumizi ya sumu na ya silaha zilizotiwa sumu. Hati ya mashtaka ikiandikwa kwa Kiswahili, hakimu atahitaji kujua kilichoshikwa ni wano, mshale mtupu, au mshale wa uchungu. Na hapo pana neno jingine la kuhadhari. Katika Kiswahili cha zamani uchungu ni sumu ya mishale, kama Wagiriama wanavyosema utsungu hadi leo, na mti unaoitoa, msunguti, huitwa pia mchungu. Kwa msomaji wa sasa, "mshale wa uchungu" ni maneno ya mshairi aliyeachwa na mpenzi. Kwa hiyo katika hati za serikali tunashauri "mshale wenye sumu", ijapokuwa moyo wetu uko upande wa neno la kale.

Tukirudi kwenye sehemu za mshale, ncha imetusumbua kuliko wano. Kuna chembe na kuna kigumba. Chembe hiki ni cha ngeli ya ki- na vi-: chembe cha mshale, vyembe vya mishale, kama tusemavyo chembe cha moyo. Kwa bahati mbaya kimefanana umbo na chembe ya mchanga, ambayo wataalamu wa elimu ya viumbe wameichukua na kuunda chembe hai. Mwanafunzi aliyezoea darasa la baiolojia akisoma "chembe ya mshale ilimwingia mnyama" anaweza kufikiri ni kipande kidogo kilichomeguka. Wenzetu wengine wameshauri chembe kiachwe na kigumba kitumike mahali pote. Hatukubaliani nao. Kigumba ni ncha ya chuma, kazi ya mhunzi. Hakiwezi kutumika kwa gumegume la Ötzi, wala kwa mishale ya Wahadzabe ya kuwindia ndege, ambayo ncha yake ni mti ule ule uliochongwa. Chembe kiwe jina la jumla, kigumba kiwe aina yake, na upatanisho wa kisarufi ulindwe: chembe cha, vyembe vya. Mwalimu asiyeulinda ndiye atakayeleta utata, si neno.

Kile kijiti cha chuma kilicho nyuma ya kigumba, kinachoingia ndani ya wano, ni msuka, kama msuka wa jembe au wa kisu. Hapa fito za Rubus, zile za kijitabu cha mwalimu, zina faida na hasara yake. Moyo wake ni laini, kwa hiyo msuka huingia kwa urahisi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo wano hupasuka upesi, na halina budi kufungwa kwa ukano, nyuzi za kano za mnyama zilizoloweshwa, ambazo hukaza zikikauka. Mkole ni mgumu, na mzee hutoboa kwa msumari uliotiwa moto.

Manyoya hayana tatizo: ni manyoya. Mzee hutumia ya kanga.

Upote ni uzi wa upinde, na podo ni ala ya mishale. Ziaka pia lipo na halina kosa. Kitenzi cha kupiga kwa mshale ni kufuma, ambacho watoto wa mjini wanakijua kwa sweta tu. Tungependa kirudi.

Linabaki lile kato dogo nyuma ya wano ambamo upote hukaa. Tumeulizia kwa watu wengi na kila mmoja ametupa jina lake. Mzee wa Mvumi huliita mdomo, kwa kuwa "ndipo mshale unapouma upote", na taswira hiyo inapendeza. Lakini msomaji wa kitabu akikuta "mdomo wa mshale" atafikiria ncha ya mbele, na mtu akikosea mbele na nyuma ya mshale kosa lake si dogo. Pengo linaeleza umbo, ila linaonyesha upungufu, kama pengo la meno. Sisi tumeelekea kwenye panda, kwa mfano wa panda ya njia na panda ya manati: mahali ambapo kitu kimoja kinagawanyika kuwa viwili. Tungesema panda ya wano.

Kuna istilahi moja ya fizikia iliyojitokeza bila kutarajiwa. Mzee alikuwa akishika kila wano kwa ncha zake mbili na kulibonyeza katikati kwa kidole gumba, kisha analitia katika fungu hili au lile. Alipoulizwa, alijibu kwamba upinde mkali unataka wano gumu na upinde mpole unataka wano laini. Picha za kasi kubwa zimethibitisha hayo: mshale unapofyatuliwa haupiti ukiwa umenyooka, bali hupinda na kujirudi mara kadhaa kandokando ya upinde kabla ya kutulia hewani. Ukiwa mgumu kupita kiasi au laini kupita kiasi, hukengeuka. Katika vitabu vya ulengaji wa shabaha kwa upinde, mchezo ambao umo katika Olimpiki, sifa hiyo ina jina la kitaalamu ambalo watafsiri wamekuwa wakiliandika "uti wa mgongo wa mshale" kwa kufuata sura ya nje ya neno la Kiingereza. Tunawaomba waache. Kiswahili kinalo neno unyumbufu, na "unyumbufu wa wano" linaeleza jambo lenyewe.

Kuhusu maana mpya za mshale hatutasema mengi. Mshale wa saa umekwisha kushika katika shule zetu, na akrabu imebaki kwa wazee na washairi. Kwa alama ya kuonyesha upande katika michoro, katika alama za barabarani na katika kioo cha kompyuta, mshale na kishale hutumika bila mpango. Tungependa mshale uwe wa mchoro na kishale kiwe kile kinachotembea kwenye kioo, kwani kazi hizo ni mbili.

Mwalimu aliyetuandikia amepelekewa fito, wano, chembe, msuka na unyumbufu, naye ameanza upya sura yake ya kwanza. Panda ameipokea kwa masharti: anasema wanafunzi wake, ambao wengi ni watoto wa wafugaji, wanalo jina lao kwa kato hilo, na ameahidi kuwauliza baba zao watakaporudi na mifugo. Msomaji mwenye jina jingine atuandikie kabla ya mkutano ujao wa kusanifu, akitaja mahali lilikosikika na kitu chenyewe kilichokuwa mkononi mwa msemaji.